Saa ya Nani? Historia ya Jitihada za Kuoanisha Tiba na Mwendo wa Siku wa Mwili

Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2006 na watafiti wa saratani wa Ulaya lilitoa matokeo ambayo hayakutarajiwa na upande wowote. Wagonjwa 564 wenye saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa mwilini walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa kwa ratiba ya kawaida ya siku mbili. Kundi la pili lilipewa dawa zile zile kwa siku nne, kwa pampu iliyopangwa iongeze na kupunguza mtiririko kulingana na saa za mchana na usiku. Kwa jumla makundi hayo yalikaribiana sana: nusu ya wagonjwa wa pampu ya saa walivuka miezi 19.6, na nusu ya wale wa ratiba ya kawaida walivuka miezi 18.7. Lakini takwimu zilipotenganishwa kwa jinsia, picha ilibadilika. Kwa wanaume, pampu ya saa ilipunguza hatari ya kufa mapema kwa asilimia 25. Kwa wanawake iliiongeza kwa asilimia 38. Dawa zile zile, zikitolewa kwa saa zile zile, zilimsaidia mgonjwa mmoja na kumdhuru mwingine.

Matokeo hayo hayaeleweki bila kurudi nyuma. Historia ya kronotherapia, yaani upangaji wa tiba kwa kufuata mizunguko ya siku ya mwili, aghalabu husimuliwa kama habari ya ukweli uliopuuzwa: maabara iligundua, hospitali ikakataa kusikia. Masimulizi hayo yana chembe ya kweli, ila yanaficha jambo kubwa zaidi. Kwamba mwili una saa halikuwa swali gumu. Lilijibiwa mapema na kwa ushahidi mwingi. Swali lililoisumbua tiba kwa zaidi ya miaka 60 ni la saa ya nani: ya panya au ya mtu, ya mgonjwa au ya wodi, ya wastani wa kundi zima au ya huyu aliyelala kitandani.

Usiku wa mgonjwa na usiku wa vijiminyoo

Kwamba maradhi yana saa zake ni maarifa ya zamani kuliko hospitali. Yeyote aliyewahi kuuguza anajua kwamba homa hupanda jioni na kwamba mwenye pumu hubanwa kabla ya kupambazuka. Daktari Mwingereza John Floyer, ambaye mwenyewe aliugua pumu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1698 jinsi maradhi hayo yanavyomshambulia mtu usiku, baada ya usingizi wa kwanza. Mwaka 1729 ilitolewa mbele ya chuo cha sayansi cha Paris taarifa ya jaribio la Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliyeufungia gizani mmea wa jamii ya kifauongo na kuona majani yake yakiendelea kufunguka na kujikunja kwa zamu za mchana na usiku ingawa hayakuliona jua. Mmea haukuwa ukiitikia mwanga tu, bali ulikuwa na hesabu yake ndani. Mwaka 1814, mjini Paris pia, Julien-Joseph Virey aliwasilisha tasnifu ya udaktari iliyozungumzia saa hai iliyomo katika mwili na kudai kuwa nguvu ya dawa hutegemea wakati inapotolewa. Tasnifu yake ilikuwa na hoja nyingi kuliko vipimo, ikabaki rafuni.

Vipimo vya kusadikisha vilitoka katika ugonjwa wa matende. Patrick Manson, daktari Mskoti aliyefanya kazi Amoy, kusini mwa China, alikuwa akichunguza damu ya watu wenye vijiminyoo vya ugonjwa huo mwishoni mwa miaka ya 1870. Damu ilipochunguzwa mfululizo, mchana na usiku, alibaini kwamba vijiminyoo vilikuwa vichache mno mchana, au havikuonekana kabisa, kisha vikajaa katika damu ya pembeni ya mwili usiku. Mwaka 1881 Stephen Mackenzie wa London alipiga hatua nyingine. Alimbadilishia mgonjwa mmoja saa za kulala, akamlaza mchana na kumweka macho usiku, na baada ya siku chache vijiminyoo navyo viligeuza zamu vikatokea mchana. Kumbe saa iliyokuwa na uzito haikuwa ya ukutani wala ya jua, bali ya mwili wenyewe uliolala. Jambo hilo lilikuwa wazi mwaka 1881, na inashangaza jinsi lilivyosahaulika baadaye.

Mwambao wa Afrika Mashariki uliishi na ugunduzi huo kwa vitendo. Matende ya Tanga, Unguja na Kwale ni ya aina hiyo hiyo ya usiku, na kabla ya kuja kwa vipimo vinavyoweza kufanyika wakati wowote, watafiti hawakuwa na njia rahisi isipokuwa kuwatoa watu damu ya kidoleni usiku. Katika jamii zinazosimulia habari za mumiani, mtu anayebisha hodi gizani akiomba damu hakuwa mgeni mwepesi kupokelewa. Saa iliyofaa kwa kipimo ilikuwa saa ya mashaka kwa mwenye nyumba. Mvutano wa namna hiyo, baina ya saa ya kibiolojia na saa ya maisha ya watu, ulijitokeza tena katika hospitali za Ulaya na Marekani karne moja baadaye, ingawa kwa sura nyingine.

Panya wa Minnesota

Franz Halberg, mzaliwa wa Rumania aliyehamia Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, hakuanza kazi yake kwa kutafuta saa. Alikuwa akihesabu eosinofili, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu, katika panya wa maabara ili apime athari za homoni za tezi za adrenali. Hesabu hizo zilikataa kutulia: panya wale wale walitoa namba tofauti kulingana na saa walipotolewa damu. Mtafiti mwingine angechukua wastani, tofauti zikafutika. Halberg aliamua kwamba tofauti hizo ndizo habari yenyewe. Mwaka 1959, akiwa Chuo Kikuu cha Minnesota, alibuni kutokana na maneno ya Kilatini istilahi ya kuiita midundo hii ya takribani siku moja, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa midundo ya sirkadiani. Neno "takribani" katika maana hiyo si pambo. Saa ya ndani ikiachwa bila ishara za mwanga wa nje haitimizi saa 24 barabara. Huzidi au hupungua kidogo, na kila kiumbe kwa kiasi chake.

Mwaka 1960 Halberg na wenzake walichapisha jaribio lililoipa hoja yake makali. Makundi ya panya wanaofanana yalidungwa kiasi kile kile cha sumu ya bakteria, kila kundi kwa saa yake. Waliodungwa katika sehemu moja ya mzunguko wao wa siku walikufa kwa wingi, na waliodungwa katika sehemu nyingine ya mzunguko huo huo walinusurika kwa wingi. Sumu haikuwa imebadilika, wala panya. Mwaka 1972 Erhard Haus, Halberg na wenzao walifanya jambo la namna hiyo kwa panya wenye saratani ya damu. Badala ya kuwapa dawa ya saitarabini kwa dozi sawasawa mchana kutwa na usiku kucha, waligawanya jumla ile ile kwa dozi zinazopanda na kushuka kwa kufuata mdundo wa mwili, na panya wakaivumilia dawa vizuri zaidi.

Kwa binadamu, ushindi wa kwanza ulipatikana bila makelele, katika dawa za jamii ya kortisoli. Homoni hiyo hupanda mwilini karibu na wakati wa kuamka na kushuka kadiri siku inavyozama. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba dozi ndogo ya deksamethasoni iliyotolewa saa 6 usiku ilizima kazi ya tezi za adrenali kuliko dozi hiyo hiyo iliyotolewa saa 2 asubuhi. Dawa ya usiku iliukuta mwili ukijiandaa kutengeneza homoni yake, ikauzuia. Dawa ya asubuhi ilijipenyeza pale ambapo homoni ya asili ilikuwa tayari imejaa. Hadi leo mfamasia anayemwelekeza mgonjwa ameze prednisoloni asubuhi baada ya kifungua kinywa anaufuata ushahidi huo, ajue asijue.

Inafaa kuuliza kwa nini hapa tiba ya saa ilikubaliwa bila ubishi. Jibu haliko katika biolojia peke yake. Kuhamisha kidonge kutoka jioni kwenda asubuhi hakugharimu chochote, hakumwongezi muuguzi zamu, na saa iliyofaa kwa tezi ilikuwa pia saa inayofaa nyumbani. Watetezi wa kronotherapia waliuchukua mfano huu kama ahadi ya mengine. Wangeweza pia kuuchukua kama onyo, kwa sababu mazingira mepesi kama hayo hayakutokea tena.

Pampu ya Villejuif

Dawa nyingi za saratani hazichagui. Huua seli za uvimbe, na pamoja nazo hujeruhi kila seli ya kawaida inayogawanyika upesi: za uboho, za utando wa mdomo na utumbo, za mashina ya nywele. Hapo ndipo hoja ya saa ilipopata mvuto wake mkubwa. Ikiwa seli za kawaida hugawanyika kwa zamu, na uvimbe umepoteza zamu hizo kwa kiasi fulani, basi zipo saa ambazo dawa inaweza kuupiga uvimbe huku tishu nyingine zimepumzika. Mwaka 1985 zilitoka taarifa mbili zilizoleta matumaini. William Hrushesky wa Minnesota alionyesha kwamba wanawake wenye saratani ya ovari walipata madhara machache walipopewa doksorubisini asubuhi na sisiplatini jioni, kuliko mpangilio huo ulipogeuzwa. Kutoka Montréal, Georges Rivard na wenzake walieleza kwamba watoto wenye saratani ya damu waliomeza vidonge vyao jioni walibaki bila ugonjwa kurejea kwa kiwango kikubwa kuliko waliomeza asubuhi. Watoto hao, hata hivyo, hawakuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu. Saa ilifuata mazoea ya familia, na utafiti mkubwa uliofanywa baadaye katika nchi za Skandinavia haukuthibitisha faida ya jioni. Familia inayokumbuka dawa kila jioni pengine hutofautiana na nyingine kwa mambo mengi zaidi ya saa.

Aliyeipeleka hoja hiyo mbali zaidi ni Francis Lévi, daktari wa saratani katika hospitali ya Paul Brousse, Villejuif, kando ya Paris. Kikwazo chake cha kwanza kilikuwa cha kiufundi, kwa kuwa saa iliyopendekezwa na maabara kwa dawa ya fluorourasili iliangukia katikati ya usingizi. Pampu ndogo ya kubeba, yenye njia kadhaa na kompyuta ndani yake, iliondoa kikwazo hicho. Mgonjwa aliweza kulala kwake huku pampu ikifikisha kilele cha fluorourasili saa 10 alfajiri na kilele cha oksaliplatini saa 10 jioni. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba dawa hizo mbili ziliwekwa katika saa yenye jina moja, nusu mzunguko kamili kati yake.

Jaribio la Lévi lililochapishwa mwaka 1997 lilihusisha wagonjwa 186. Waliopewa dawa kwa mtiririko ulio sawa saa zote walipata vidonda vikali vya mdomo na utando kwa asilimia 76. Kwa waliofuata saa vilikuwa asilimia 14. Ganzi ya mikono na miguu inayomzuia mtu kufanya kazi zake ilipungua kutoka asilimia 31 hadi 16. Uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 51 ya wagonjwa wa pampu ya saa, dhidi ya asilimia 29 ya wengine. Kwa mtu asiyeweza kumeza mate yake kwa maumivu, tofauti ya 76 na 14 si jambo la takwimu tu. Hata hivyo, muda wa kuishi haukutofautiana. Wakosoaji walisema pia kwamba mtiririko sawa wa siku kadhaa haukuwa kipimo cha haki, kwani madaktari wengi hawakuwa wakitoa dawa hizo kwa namna hiyo. Ukosoaji huo ulikuwa na msingi, na jaribio la 2006 liliundwa ili kuujibu: safari hii pampu ya saa ilishindanishwa na ratiba iliyokuwa ikitumika kweli hospitalini.

Ndipo ikaonekana ile tofauti ya wanaume na wanawake. Mwaka 2012 uchambuzi uliounganisha majaribio matatu, wenye wagonjwa 842, uliirudia: wanaume walinufaika na ratiba ile, wanawake hawakunufaika. Maelezo rahisi, kwamba saa haina maana, hayalingani na ushahidi, kwani kitu kisicho na maana hakimsaidii mmoja na kumdhuru mwingine. Inaelekea zaidi kwamba kilele kilichochaguliwa kilikuwa kilele cha baadhi ya miili tu. Saa hizo zilikuwa zimetokana kwa sehemu kubwa na panya, wanyama wanaokesha usiku na kulala mchana, kisha zikatafsiriwa kwa binadamu kwa kugeuza mchana kuwa usiku. Tafsiri hiyo ilichukulia kwamba binadamu wote wana saa moja. Halberg alikuwa amekataa kuzifuta tofauti za panya wake kwa wastani, lakini warithi wake, walipofika kwa wagonjwa, waliweka kilele kimoja kwa wote. Hapa ndipo somo la Mackenzie lilipohitajika na halikukumbukwa.

Wakati huo huo biolojia ya msingi ilikuwa ikisonga mbele bila kusubiri wodi. Ronald Konopka na Seymour Benzer walikuwa wameonyesha mwaka 1971 kwamba badiliko katika sehemu moja tu ya urithi wa nzi wa matunda huharakisha, huchelewesha au huvuruga saa yake. Kazi iliyoendelezwa kutoka hapo iliwapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017. Ilithibitika pia kwamba saa haipo katika ubongo peke yake: ini, figo na moyo vina saa zake. Utafiti wa mwaka 2014 uliochunguza viungo 12 vya panya ulikuta kwamba karibu nusu ya jeni zinazotengeneza protini hupanda na kushuka kwa siku katika kiungo kimoja au kingine, na kwamba dawa 56 kati ya 100 zilizouzwa zaidi Marekani hulenga mazao ya jeni za namna hiyo. Kila mwaka sababu za kutarajia kwamba saa ina uzito ziliongezeka, na kila jaribio kubwa la kitabibu lilileta jibu la kusitasita.

Kidonge cha jioni

Hakuna mahali ambapo kusitasita huko kulionekana zaidi kuliko katika shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa watu wengi na wa vidonge vya kila siku. Mwaka 1985 James Muller na wenzake walionyesha kwamba mshtuko wa moyo huanza zaidi asubuhi: karibu saa 3 asubuhi matukio yalikuwa mara tatu ya yale ya saa 5 usiku. Kampuni za dawa zilitengeneza vidonge vinavyomezwa usiku na kuachia dawa karibu na alfajiri. Kimojawapo, cha verapamili, kilijaribiwa kwa watu 16,602. Jaribio lilisimamishwa miaka miwili kabla ya wakati wake kwa uamuzi wa kibiashara wa mfadhili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 hayakuonyesha kuwa kidonge hicho ni bora kuliko vile vya kawaida. Watu elfu kadhaa walikuwa wamejitolea, na swali likaachwa nusu kwa sababu za hesabu za fedha. Ni vigumu kulisoma tukio hilo bila uchungu.

Mwaka 2019 utafiti wa Hispania wenye watu 19,084 ulitangaza kwamba kumeza dawa za shinikizo wakati wa kulala kulipunguza vifo na maradhi ya moyo kwa takribani asilimia 45. Tangazo hilo lilienea upesi, na wagonjwa wengi wakaanza kuuliza kama wahamishe vidonge vyao. Wataalamu wengine waliiona faida hiyo kuwa kubwa kupita kiasi, wakauliza maswali kuhusu namna utafiti ulivyoendeshwa, na jarida lililouchapisha likatoa tamko la tahadhari. Jibu lililo wazi zaidi lilitoka Uingereza mwaka 2022. Watu 21,104 waligawanywa kwa bahati nasibu kumeza dawa zao za kawaida asubuhi au jioni, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kinachotokana na mishipa ya moyo viliwapata asilimia 3.4 ya watu wa jioni na asilimia 3.7 ya watu wa asubuhi, tofauti ndogo isiyoweza kutenganishwa na bahati. Waandishi wake walishauri mgonjwa achague saa inayomfaa. Kwa dawa nyingi za leo ambazo kidonge kimoja hufanya kazi mchana na usiku, ushauri huo una mantiki: saa bora ni ile ambayo mtu hatasahau.

Wapo walioutumia utafiti huo kuufunga mjadala mzima. Huko ni kwenda mbali mno. Jibu la vidonge vinavyokaa mwilini saa 24 haliwezi kuwa jibu la dawa inayopita kwa dakika chache katika mshipa, wala wastani wa watu 21,104 hausemi lolote kuhusu mlinzi wa usiku anayelala saa 3 asubuhi.

Swali limefunguka upya mahali pengine. Mwaka 2021 madaktari wa Atlanta, Marekani, walipitia kumbukumbu za wagonjwa wa saratani ya ngozi aina ya melanoma waliotibiwa kwa dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Waliopata angalau moja ya tano ya dripu zao baada ya saa 10 na nusu jioni waliishi muda mfupi kuliko wengine. Kama ilivyokuwa kwa watoto wa Montréal, saa hizo hazikupangwa na watafiti; huenda aliyefika jioni alitoka mbali, au alikuwa kazini, au alikuwa mgonjwa zaidi. Majaribio yanayowagawa wagonjwa baina ya asubuhi na alasiri yameanza katika nchi kadhaa. Kliniki za dripu, hata hivyo, hujaza viti vyake kwa kufuata zamu za wauguzi, saa za maabara na mabasi yanayowaleta wagonjwa. Iwapo asubuhi itathibitika kuwa bora, viti vya asubuhi havitawatosha wote, na atakayepangiwa alasiri atakuwa na haki ya kuuliza ni kwa kigezo gani.